Siku Baba Alipopokea Pole ya Msiba Wake

Kwa ambao hamkuwa nami wiki iliyopita, nitawaambia kwa ufupi jambo ambalo hata kuliandika mkono unakataa. Nilimuua baba yangu.

Sikumuua kwa kisu wala kwa sumu. Nilimuua kwa mdomo, mchana kweupe, mbele ya dawati la mapokezi la kampuni ya intaneti, huku mwenyewe akiwa juu ya ngazi mtaa wa pili anapaka rangi nyumba ya watu.

Mdogo wangu alivunjika mguu. Chuo kikamkubalia afanye mtihani wa kumaliza mwaka akiwa nyumbani, kwa kompyuta, kamera ikimwangalia. Lakini walimwonya: mtandao ukikatika, mtihani umefutwa na mwaka anaurudia. Bando la simu lilikuwa limeshamkatikia katikati ya mtihani wa majaribio. Nikazunguka kutafuta intaneti ya nyumbani ambayo watu kama sisi tungeimudu, na kila ofisi niliyoingia nikatoka nimeinamisha kichwa. Ofisi ya mwisho ndiyo iliyokuwa na mpango wa nafuu, ila ulikuwa wa nyumba za wajane tu.

"Baba yupo?" dada wa mapokezi akaniuliza.

"Alifariki," nikasema.

Hapo hapo machozi ya aibu yakanitoka. Yule dada, ambaye mimi namwita Dada wa Miwani kwa sababu ya fremu zake nyekundu, akadhani ni uchungu. Hakutaka ushahidi mwingine. Antena ikapandishwa juu ya bati letu.

Nilikomea pale mlango ulipobishwa Jumamosi, nami niko uani naanika nguo. Basi aliyekwenda kufungua alikuwa marehemu mwenyewe.

*

"Hodi wenyewe! Hapa ndipo kwa mjane?"

Sauti niliitambua kabla sijamwona mtu.

"Mjane?" baba akauliza. "Mjane gani, mwanangu?"

"Yule mama aliyefiwa na mumewe. Alikuwa fundi rangi, Mungu amrehemu. Ana wasichana wawili, mmoja kavunjika mguu."

Shati la baba lilikuwa mkononi mwangu, linachuruzika maji. Nikabaki nimelishika.

 Kutoka uani nilimwona baba mgongo tu, na ile kaptura yake ya kazi yenye madoa ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Nilisubiri acheke, awaambie mmepotea njia. Baba ni mtu wa kucheka.

Badala yake akageuza shingo taratibu. Akanitazama mimi, akalitazama shati, kisha akaitazama ruta iliyokuwa ikimetameta taa zake juu ya kabati. Tangu ifungwe, alikuwa akiwatambia mafundi wenzake kwamba msomi wake ameibembeleza kampuni mpaka ikashusha bei. "Huo ndio usomi," alikuwa akiwaambia. "Wa kwenu ninyi wamesomea kujipiga picha."

Nikamwona akielewa. Natamani angechelewa kidogo kuelewa.

"Ndipo hapa," akawaambia. "Karibuni ndani."

Walikuwa wawili: Dada wa Miwani, na bwana mnene mwenye sauti ya upole ambaye ndiye meneja. Walikuja na kapu la unga, sukari na sabuni.

"Wenzetu wakishafunga mashine wanaondoka," Meneja alisema huku akiketi, kiti kikalalamika. "Mimi nimesema hapana. Aliyefiwa hupewa pole. Na wewe, mzee, ni nani kwao?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Kichwani nilikuwa na maneno yote: huyu ni baba yangu, nilidanganya, nisameheni. Yalikuwa yamepangika vizuri kabisa. Lakini mimi ni yule ambaye darasani nilikuwa nalijua jibu na sinyooshi mkono.

"Mimi ni mdogo wake marehemu," baba akasema.

"Oo, baba mdogo!" Dada wa Miwani akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, baba mdogo."

"Tumeshapoa."

Akaniona mimi mlangoni, akanikumbatia na lile shati bichi mkononi. Alinukia mafuta mazuri. Nikasimama mikononi mwake kama gogo.

Kisha akaiona picha ya harusi ukutani. Akaisogelea.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye," baba akajibu.

Akaitazama picha, akamtazama baba, akairudia picha. "Jamani! Mbona mmefanana hivi?"

"Hata mama yetu alikuwa akituchanganya," baba akasema. "Anakosa mmoja, anachapwa mwingine."

Meneja akacheka, kisha akakumbuka kwamba yuko msibani, akajizuia.

Ningali natafuta pa kuficha uso, dirisha likajaa kichwa cha jirani yetu. Mtaa mzima unamwita Redio, naye hajawahi kukasirika.

"Jirani!" akamwita baba. "Gari hilo mlangoni, kuna heri?"

"Heri," baba akamjibu, akilivuta kila neno ili amwelewe. "Wageni wametoka kampuni ya intaneti. Wamekuja kutupa pole ya kaka yangu. Marehemu. Mwenye nyumba hii."

Redio akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama baba. Akanitazama mimi. Akalitazama kapu. Haijawahi kutokea habari ikamkuta Redio hajajiandaa.

"Aaa, marehemu!" akasema, mkono kifuani. "Alikuwa mtu wa watu. Ila kwa kukoroma, Mungu amsamehe. Tulikuwa tunamsikia mpaka kwetu. Siku hizi kimya, mpaka watoto wanaogopa."

"Alikuwa akikoroma sana?" Meneja akauliza kwa huzuni.

"Kama lori bovu mlimani, bwana mkubwa."

Baba akakohoa. "Hakuwa akikoroma hivyo," akasema. "Watu walikuwa wanamzidishia."

Nyuma ya pazia la chumbani nikasikia kitanda cha mdogo wangu kikitikisika. Alikuwa anacheka amejifunika mto. Hata mimi, na aibu yangu yote, kicheko kilinifika kooni. Ndipo mama akaingia.

*

Mama anafua mashuka ya zahanati. Alikuwa ametoka zamu, mikono imejikunja kwa maji, mfuko wa mboga begani. Hajavuka hata kizingiti, Dada wa Miwani akamrukia shingoni.

"Pole mama! Pole sana mama yangu kwa kuondokewa!"

Mfuko ukaanguka.

"Nani?" mama akasema. "Nani ameondoka?" Macho yake yakakimbilia pazia la chumbani, na kabla sijatamka kitu alishamsukuma yule dada. "Mwanangu! Mwanangu!"

"Mimi mzima, mama!" mdogo wangu akapiga kelele kutoka kitandani. "Mimi mzima!"

Mama akalishika pazia. Baba akainuka.

"Shemeji," akamwita.

Maisha yangu yote sijawahi kumsikia baba akimwita mama isipokuwa "mke wangu", hata wakiwa wamegombana. Mama akageuka polepole.

"Shemeji, tulia. Hakuna msiba mpya. Wageni wamekuja kwa ajili ya kaka tu. Hawa ndio waliotufungia intaneti ya wajane."

Mama akamtazama. Akawatazama wageni. Mwisho akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini.  Alikaa pale pale sakafuni, akajifunika uso kwa khanga, akalia.

Alilia kweli. Wageni wakadhani analia kwa ajili ya mume wake, na hawakukosea.

Dada wa Miwani naye akavua miwani, akaanza kujifuta. Meneja akasimama. "Jamani, tusimame kidogo tumkumbuke. Baba mdogo, wewe ndiye uliyemjua. Tuambie neno juu yake."

Tukasimama. Baba akakunja mikono mbele yake, akainamisha kichwa kwa ajili ya roho yake mwenyewe.

"Hakuwa mtu wa ajabu," akaanza. "Alikuwa fundi rangi. Alipaka nyumba nyingi ambazo hakupata kuzilalia. Aliamka kila siku akaenda kazini, na bado kuna vitu wanawe walivihitaji hakuweza kuwapa. Jambo hilo lilimuuma. Labda hakuwahi kuwaambia."

 Nilidhani amemaliza.

"Lakini hakuwadanganya," akasema. "Hilo nalijua. Kama hana, alikuwa anawaambia hana."

Watu husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Siku ile aibu ya maiti niliijua mimi, naye maiti alikuwa ameivaa kaptura yake, anatokwa jasho mbele yangu.

Meneja akamshika bega. "Amesikia huko aliko," akamwambia. Kisha, akiwa anajiandaa kuondoka, akauliza kwa upole ule ule: "Na wewe, baba mdogo, unaishi hapa hapa? Nauliza tu. Maana nyumba ikiwa na mwanamume anayefanya kazi, wakubwa wangu wanasema hiyo tena si nyumba ya mjane. Na huwa tunapitapita kuangalia."

"Hapana," baba akasema. "Nakuja kuwatazama, naondoka."

"Basi twende tukusogeze. Gari lina nafasi."

Baba akaitazama miguu yake. Viatu vyake vilikuwa chumbani, chini ya kitanda cha mama. Mgeni hawezi kuingia kuchukua viatu chini ya kitanda cha mjane wa kaka yake. Akavaa ndala zilizokuwa mlangoni.

"Kwaheri, shemeji."

"Kwaheri," mama akamjibu kutoka sakafuni.

Akiwa ameshashika mlango wa gari, baba akanigeukia. "Msomi, mwangalie mama yako."

Gari likaondoka naye. Redio, aliyekuwa bado dirishani, akatikisa kichwa. "Binti," akaniambia, "mimi nimesema uongo mwingi hapa mtaani, lakini huu wako una antena."

*

Mama hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga.

Alilichukua lile kapu akalitoa nje. "Mpelekeeni anayetaka," akasema. "Mimi sili unga wa msiba wa mume wangu."

"Mama, nisamehe."

"Mimi? Mimi ndiye uliyenizika?"

Mdogo wangu alikuwa amejivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, mguu wa plasta mbele kama gogo la kuni. Hakuwa anacheka tena. "Dada, ulisema uliwabembeleza mpaka wakashusha bei."

"Nilisema hivyo."

"Basi mimi sifanyi huo mtihani. Zimeni hiyo ruta. Nitaurudia mwaka."

"Utafanya!" mama akamkata. Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Baba yako ametoka humu na ndala, mbele ya majirani, ili wewe ufanye huo mtihani. Utafanya, na utafaulu. Halafu huyu mwenzako atajua pa kuupeleka uso wake."

Nilimpigia baba. Simu yake ikaita juu ya kabati, karibu na ruta.

Hakurudi siku ile.

Jumapili nikaenda kumtafuta. Nilizijua nyumba zote alizokuwa akizifanyia kazi, na katika moja, ambayo bado haina milango ya ndani, nikaziona ndala zake zimepangwa kizingitini. Alikuwa anapiga msasa ukuta. Vumbi jeupe lilikuwa limemkaa kwenye nyusi, akaonekana mzee sana.

"Baba."

"Umekula?" akauliza, bila kugeuka.

"Baba, rudi nyumbani."

"Nitarudi kesho, mdogo wako akimaliza. Umemsikia yule bwana, wanapitapita. Wakinikuta nimelala kwa mjane wa kaka yangu, hata intaneti itakuwa jambo dogo. Jina la mama yako ndilo litakalokwenda."

Alisema hivyo kwa mzaha. Nikashindwa kucheka.

"Nitawaambia ukweli."

"Utawaambia, ndiyo. Lakini si kabla ya mtihani. Mtu aliyekwisha kufa hana haraka." Akacheka mwenyewe, kicheko kikamkatikia njiani, akarudi kwenye ukuta wake.

"Umenikasirikia, baba?"

"Hapana." Msasa ukaenda, ukarudi. "Nauliza kitu kimoja tu, kisha sitauliza tena. Ungeweza kusema baba ni mgonjwa. Ungesema ametukimbia. Kwa nini ulinichagulia hiyo?"

 Nilisimama pale nakwangua vumbi dirishani kwa ukucha mpaka akaniambia nenda, mama yako yuko peke yake.

Ninyi nitawajibu. Yule dada aliponiuliza, niliona njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema: baba yupo, ni mzima, anafanya kazi kila siku, na bado hatuwezi kulipia. Ya pili ilikuwa kusema amekufa. Ya pili ilikuwa rahisi kuitamka. Kifo kinasikitikiwa, umaskini wa mtu mzima anayefanya kazi unaangaliwa juu mpaka chini. Sikutafuta bei ya nafuu tu pale dawatini. Nilimwonea baba yangu aibu. Hiyo ndiyo sababu, na hiyo ndiyo iliyonishinda kumwambia.

*

Jumatatu asubuhi mdogo wangu akakaa mbele ya kompyuta, kitambulisho mkononi, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Msimamizi akaonekana kwenye kioo, akamwambia azungushe kamera aone chumba kizima. Mama akakaa nje mlangoni kama askari. Hata Redio alizima redio yake, akawafukuza kuku mpaka mwisho wa kichochoro.

Mimi nikaenda kwenye ile ofisi. Nilikuwa nimepanga vizuri: nitakaa kwenye kiti cha wateja nisiseme neno. Mama atanipigia mtihani ukiisha, au mtandao ukikatika. Hapo ndipo nitaomba kumwona Meneja, niseme yote, wakate, tuwarudishie ruta yao, baba arudi nyumbani.

Nilipousukuma mlango, harufu ya rangi mbichi ikanipokea.

Baba alikuwa juu ya ngazi, katikati ya ukumbi wa mapokezi, rola mkononi.

"Umeona!" Dada wa Miwani akaniambia, uso umejaa furaha. "Siku ile kwenye gari Meneja akamuuliza unafanya kazi gani, akasema naye ni fundi rangi kama marehemu. Kapewa kazi hapo hapo! Ukumbi wote huu, na vyumba vyote vya juu. Hii ni kazi ndefu, mdogo wangu. Mungu hamtupi mja wake."

Jana hakuniambia hata neno.

Nikamtazama. Rola ikaendelea kupanda na kushuka. Aliipaka ile kona ya dari kwa uangalifu kuliko hata anavyoipaka nyumba yetu. Sijui ni lini mara ya mwisho baba alipata kazi ya kumfikisha hata mwisho wa msimu. Sasa nikisema ukweli, namshusha kwenye ile ngazi kwa mikono yangu. Nisiposema, atashuka kila jioni akiwa mdogo wake mwenyewe, na kila jioni hatakuwa na pa kurudi.

Nikakaa kwenye kile kiti. Simu nikaiweka mapajani, nikaingojea.

Mlango wa ndani ukafunguka, Meneja akatoka. Nyuma yake wafanyakazi kadhaa, wengine hata siwajui, wamevaa nadhifu. Mmoja alikuwa amebeba shada la maua lenye utepe mweupe.

"Aa, binti! Afadhali umekuja mwenyewe," Meneja akasema. "Tumechanga ofisi nzima. Tulikuwa tunamwambia baba mdogo, leo twende wote kaburini tukamwekee kaka yake maua. Gari liko tayari. Baba mdogo, utatuonyesha njia?"

Rola ikasimama.

"Nitawaonyesha," baba akasema.

Akashuka ngazi, akaifuta mikono kwenye kaptura. Aliponipitia, akaniinamia kana kwamba ananifuta vumbi begani. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Mwenzako bado anaandika. Makaburi ni mengi, hatutakosa la kusimama."

"Baba..."

"Nyamaza, mwanangu."

Meneja akachukua shada, akampa. "Libebe wewe. Wewe ndiye damu yake."

Baba akalipokea. Kwenye utepe waliandika jina lake, kwa herufi kubwa nzuri, na chini yake: Pumzika, kazi umeimaliza. Nikamwona akilisoma. Alisoma mpaka mwisho, midomo ikitembea kidogo kama anavyosoma siku zote. Kisha akaweka kidole gumba, chenye madoa ya rangi, juu ya lile jina, akalifunika.

Simu yangu ilikuwa kimya. Mdogo wangu alikuwa bado anaandika. Nililijua hilo. Nataka mjue kwamba nililijua.

Nikasimama.

"Meneja," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "huyu aliyeshika maua ndiye marehemu."

Mtu mmoja akacheka, akadhani sijui ninalosema. Dada wa Miwani naye akatabasamu. Kisha akamtazama baba, na nadhani ile picha ya ukutani ikamrudia, kwa sababu tabasamu lilimtoka polepole.

"Hana kaka," nikasema. "Hakuna kaburi. Ni baba yangu mzazi, anafanya kazi kila siku. Mimi ndiye niliyesema amekufa. Yeye hakujua mpaka Jumamosi mlipobisha mlango. Mama naye hakujua."

Meneja akaketi kwenye kiti changu.

"Ulilia pale," Dada wa Miwani akasema. Alikuwa anaonyesha mbele ya dawati kwa kidole. "Ulilia pale pale. Mimi nikaenda nyumbani siku ile nikalia na mimi. Baba yangu mimi amekufa kweli."

 

Akageuka, akaketi mbele ya kompyuta yake, akaanza kuandika haraka haraka. Kutoka niliposimama niliiona orodha ya nyumba ikipanda, ikisimama. Ilisimama kwetu.

"Dada," nikamwomba. "Mdogo wangu yuko kwenye mtihani sasa hivi. Ukikata wanamfutia. Nipe mpaka amalize. Baada ya hapo nifanyeni mnavyotaka, nishitakini hata polisi."

"Wajane wa kweli tumewarudisha makwao kwa sababu nafasi zilijaa," akasema bila kunitazama. "Unajua? Kuna mmoja alikuja siku moja baada yako."

Meneja akainua kichwa. "Wewe ndiye uliyewapokea," akamwambia kwa sauti ya chini. "Fanya unavyoona."

Baba akaliweka shada chini taratibu, akasogea mpaka dawatini, pale pale nilipokuwa nimesimama mimi nikimzika.

"Binti," akamwambia, "kosa ni letu. Huyo mama mliyemrudisha, hiyo ruta ni yake. Nitaibeba mimi mwenyewe leo hii nimpelekee. Na hii rangi nitaimaliza bure. Nakuomba saa moja tu."

Dada wa Miwani akamtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka chini ya zile fremu nyekundu.

Kisha akabonyeza.

Sikuona alichobonyeza. Simu yangu ikaanza kuita mkononi, na jina lililokuwa likimulika pale lilikuwa la mama.